Shule ya mtaala wa Uingereza Dubai: anza na mwaka mtakaoondoka

Familia zinazohamia Dubai kikazi kutoka Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar huanza na ada na umbali wa shule kutoka nyumbani. Hayo yana nafasi yake, lakini swali la kwanza liwe hili: mkataba wa kazi ukiisha, mtoto atakuwa mwaka gani wa masomo?

Mtaala wa Uingereza una mahali ambapo mtoto huhama bila kuumia, na mahali ambapo kumhamisha ni kumvurugia kabisa. Mwaka wa 10 na wa 11 ni kozi moja ya IGCSE, cheti cha kimataifa cha sekondari, mtihani mwishoni. Mwaka wa 12 na wa 13 ni kozi moja ya A Level, ya kuingilia chuo kikuu. Shule mbili za jirani zinaweza kufundisha somo lilelile, moja kwa silabasi ya bodi ya mitihani ya Cambridge na nyingine ya Pearson Edexcel, na mpangilio wa mada ukatofautiana, vitabu vya fasihi navyo vikawa vingine. Sasa chukua mkataba wa miaka miwili na mtoto anayeingia Mwaka wa 9. Mkataba utakwisha akiwa amemaliza Mwaka wa 10, yaani katikati ya kozi. Zungumza na mwajiri kuhusu mwaka wa tatu kabla ya kusaini, si baada ya kufika. Mahali pazuri pa kutokea ni mwisho wa Mwaka wa 6, wa 9, wa 11 au wa 13. Uliza pia kama shule yenyewe inafika Mwaka wa 13. Zipo zinazoishia njiani.

Kuna mkanganyiko wa madarasa unaowashtua wazazi wetu wengi. Sisi tunaanza Januari, wao Septemba, na mtoto hupangwa kwa umri aliofikisha ifikapo tarehe 31 Agosti, si kwa darasa aliloacha. Chukua watoto wawili waliomaliza darasa la nne pamoja Desemba 2025. Aliyezaliwa Machi 2015 anaingia Januari katikati ya Mwaka wa 6. Aliyezaliwa Oktoba 2015 anaingia Mwaka wa 5. Wa kwanza amerukishwa mada nyingi za hesabu na uandishi wa Kiingereza, na akirudi nyumbani na alama za chini muhula wa kwanza, si kwamba akili imepungua. Omba shule ikuandikie mada ambazo darasa lake lilishafundishwa, kisha mtafutie mwalimu wa ziada kwa mada hizo tu. Dubai imekuwa ikibadilisha tarehe ya umri kwa wanaoanza madarasa ya chini, kwa hiyo kwa mtoto mdogo thibitisha kanuni ya mwaka husika.

Jina la shule lisikubabaishe. Neno “British” kwenye bango halilindwi na mtu. Chenye uzito ni ithibati ya BSO, mpango wa Wizara ya Elimu ya Uingereza kwa shule za nchi za nje, ambao ripoti zake za ukaguzi zipo wazi kwa kila mtu. Kwa Dubai yenyewe, shule binafsi zinasimamiwa na KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai, na daraja zake za ukaguzi ni sita, kutoka bora kabisa hadi dhaifu sana. Angalia ripoti ni ya mwaka gani: ukaguzi kamili ulisimamishwa mwaka wa masomo 2024/25, isipokuwa kwa shule changa, hivyo daraja nyingi zinazotangazwa ni za zamani kidogo, na mkuu wa shule huenda ameshabadilika. Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye majedwali ya masomo, utafute Kiingereza, hisabati na sayansi kwa ngazi ambayo mtoto wako anaingia. Shule inaweza kung'ara chekechea na kulegea sekondari.

Ukitembelea, omba kuona madaftari ya uandishi ya darasa atakaloingia. Usiombe lile la mtoto hodari. Omba matatu yoyote. Fungua kazi ya Septemba, kisha ya miezi mitatu baadaye. Mwalimu ameandika nini cha kurekebisha, na je, mtoto alirudi akarekebisha? Shule nyingi za mtaala huu humpa mwanafunzi kalamu ya rangi tofauti kwa marekebisho yake, hivyo utayaona mara moja. Daftari lililojaa alama za vema tu, bila sentensi hata moja iliyoandikwa upya, linakueleza mengi kuliko bwawa la kuogelea. Uliza pia walimu wangapi waliondoka likizo ya Julai iliyopita.

Matokeo ya mitihani yanahitaji maswali mawili. Watahiniwa walikuwa wangapi, na darasa hilo lilianza Mwaka wa 10 na wangapi? Asilimia nzuri hupatikana pia kwa kuwaondoa wanyonge njiani.

Usaili wa kuingia mara nyingi hutumia CAT4, mtihani wa uwezo wa kufikiri wenye sehemu nne: maneno, namba, maumbo na uelewa wa nafasi. Wastani ni 100. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili anaweza kupata 85 kwenye maneno na 115 kwenye maumbo. Hiyo ni dalili ya lugha, si ya uwezo, na shule makini itampa msaada wa Kiingereza badala ya kumkataa. Uliza msaada huo ni saa ngapi kwa wiki na nani anaulipia.

Kiarabu ni lazima kwa wasio Waarabu hadi Mwaka wa 10, na watoto Waislamu husoma elimu ya Kiislamu. Mtoto aliyepita madrasa huwa anasoma herufi vizuri bila kuelewa maneno. Mwambie mwalimu mapema, asije akawekwa kundi lisilomfaa.

Mwaka wa 9 huja fomu ya kuchagua masomo, na hapa ndipo wazazi wengi husaini bila kuuliza. Kwa Cambridge, hisabati ya ngazi ya msingi ina kikomo: hata akipata kila kitu, daraja la juu ni C. Sayansi iliyounganishwa ya kozi fupi inahesabika kama somo moja, na ni ngazi dhaifu ya kupandia kemia ya A Level. Anayetaka udaktari achukue baiolojia, kemia na fizikia kila moja peke yake.

Ada ipigiwe hesabu ya miaka yote mtakayokaa, kwa kuwa hupanda kila hatua ya masomo. KHDA huchapisha ada ya kila mwaka wa masomo kwa kila shule, na nyongeza lazima ipate kibali. Kiwango cha 2025/26 kilikuwa asilimia 2.35. Juu yake weka basi, sare, kompyuta na ada ya mitihani, ambayo mara nyingi haimo. Shule nyingi hutaka hundi za tarehe za mbele huku mwajiri akirudisha pesa baada ya risiti, kwa hiyo uwe na fedha ya muhula mmoja mkononi.

Kabla ya kupanda ndege, cheti cha uhamisho na ripoti za miaka miwili zipigwe mihuri: kwa kawaida wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Na kwa Mtanzania atakayerudi kusoma chuo nyumbani, NECTA italinganisha vyeti vyake, kwa hiyo subirini vyeti halisi vya IGCSE na A Level vitoke shuleni, au mwacheni mtu wa kuvichukua. Karatasi ya matokeo inayotolewa Agosti siyo cheti.