Kwa anayeanza kujifunza runi: isome kwanza kama herufi

Wengi wanaoniuliza kuhusu runi, alama za kale za Ulaya ya Kaskazini, huanza na swali lile lile: hii ina maana gani? Wameiona kwenye mkufu au kwenye vijiwe vya kupigia ramli, wanataka neno moja la kuibandika. Utajiri, safari, nguvu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuliweka kando swali hilo kwa muda. Runi ilikuwa herufi ya kuandikia. Kitana kilichopatikana Vimose, Denmark, cha mwaka 160 hivi, kina neno moja tu, harja, na huenda ni jina tu la mtu au la watu wake.

Anza na mfumo mkongwe wenye herufi 24. Unaitwa futhark kutokana na sauti za herufi zake sita za mwanzo: f, u, th, a, r, k. Jiwe la Kylver, kutoka kisiwa cha Gotland, Uswidi, lilichongwa mfuatano huo karibu mwaka 400. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna nafuu hapa, kwani th ya "thelathini" ina runi yake, na hata ng' ya "ng'ombe" haikukosa. Andika jina lako ukifuata sauti. Rehema, kwa majina ya runi zenyewe, ni raido, ehwaz, hagalaz, ehwaz, mannaz, ansuz, basi. Chausiku atapata kazi kidogo, maana ch haimo. Itabidi atafute sauti iliyo jirani, na katika kutafuta huko atajifunza zaidi ya Rehema.

Usiishie kwenye karatasi. Chukua kijiti cha mti laini na kisu kikali, uchonge. Hapo ndipo utaelewa kwa nini runi za kale karibu zote hazina mistari ya mlalo: nyuzi za mti zinakwenda kwa urefu wa kijiti, na mstari unaozifuata hupotea ndani yake au huupasua mti. Mstari wa wima au wa mshazari unazikata nyuzi na kuonekana vizuri. Umbo ambalo mkono umelichonga halisahauliki upesi.

Kisha soma walichoandika watu wa kawaida. Huko Bergen, Norwei, baada ya moto wa mwaka 1955 kuteketeza sehemu ya majengo ya kale ya Bryggen, wachimbaji walitoa ardhini maandishi ya runi yapatayo 670, mengi yakiwa kwenye vijiti. Kuna vitambulisho vya mizigo ya wafanyabiashara, kuna sala, kuna maneno ya mapenzi. Kijiti kimoja kinasema: Gyda anasema urudi nyumbani. Upande wa pili mtu amejaribu kujibu, ila mwandiko wake hausomeki. Mimi nakipenda kijiti hicho kuliko mawe yote ya wafalme.

Sasa maana. Kila runi ilikuwa na jina, na majina ya ule mfumo wa kale tunayotumia leo yameundwa upya na wanaisimu. Tunachojua kuhusu maana yake kinatoka hasa kwenye mashairi matatu ya runi, la Kiingereza cha kale, la Norwei na la Iceland, na yote yaliandikwa karne nyingi baada ya kitana cha Vimose. Tena hayakubaliani. Runi ya sauti k, kwa Waingereza ni mwenge unaowaka ukumbini mwa waungwana. Kwa Wanorwei na watu wa Iceland ni kidonda, balaa la watoto. Atakayekwambia kwa uhakika kwamba runi hiyo ni "mwanga wa ubunifu" amechagua shairi moja na kuyanyamazia mawili. Fehu, yaani mifugo na mali, ni afadhali kidogo: Mwingereza anasema mali ni faraja lakini kila mtu aigawe kwa ukarimu, Mnorwei anasema mali huzua ugomvi kati ya ndugu. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi hahitaji kufafanuliwa.

Kwa mazoezi yako binafsi, kaa na runi moja kwa wiki nzima. Fungua daftari: ukurasa wa kushoto andika yanayosema mashairi, wa kulia andika yaliyokujia wewe. Usizichanganye kurasa hizo. Ya kulia ni halali kabisa, ni yako, lakini usimwambie mwenzako kwamba Waviking waliamini hivyo.

Kuhusu ramli, wengi hutegemea maneno ya Mrumi Tacitus, aliyeandika mwaka 98 kwamba Wajerumani wa kale walitupa vijiti vyenye alama juu ya kitambaa cheupe, kisha wakaokota vitatu. Anataja alama tu, hasemi ni runi. Na ile runi tupu, yaani kijiwe kisicho na alama yoyote, inayouzwa pamoja na nyingine iliongezwa Marekani miaka ya 1980. Kama dini yako inakukataza ramli, hukosi kitu: mawe mengi ya Uppland, Uswidi, yalisimamishwa na Wakristo, yakimkumbuka baba au mwana na kumalizia "Mungu aisaidie roho yake". Hayo yako kwenye mfumo wa baadaye wenye herufi 16 tu, ambamo runi moja husimamia k na g, nyingine t na d. Yasome baada ya kuzizoea zile 24.

Na kabla ya kuchora tatuu yoyote, chunguza. Wanazi walizitwaa runi kadhaa, na runi ya s ikiandikwa mara mbili kama nembo ya SS, kikosi chao cha kutisha, imepigwa marufuku Ujerumani. Runi za othala na tiwaz bado zinabebwa na makundi ya kibaguzi. Mtu akikuona nayo mgongoni kwenye treni ya Berlin hatakuuliza umesoma shairi gani.