Pedi ulizozikuta ni za mumeo

*Shangazi, mume wangu ana miaka 61. Miezi mitatu iliyopita alifanyiwa operesheni ya saratani ya tezi dume. Iligunduliwa mapema, tezi ikatolewa yote. Usiku mmoja nililalamika kidogo tu juu ya harufu ya godoro; tangu hapo analala sebuleni. Hanigusi, barazani kunywa kahawa haendi, kuvuka Likoni hataki hata kwa mazishi. Juzi nimekuta pakiti ya pedi mkobani mwake, na mimi hedhi nishakoma. Wifi yangu asema kuna mwanamke. Nimnase vipi?*
*Mke Mwenye Uchungu, Kisauni*

Pole, mwanangu. Kitanda cha upweke kinauma. Lakini mwanamke hayuko. Pedi hizo anavaa mumeo.

Tezi dume imeizunguka njia ya mkojo, chini ya kibofu. Ikitolewa, nguvu ya kuzuia mkojo hupungua kwa muda. Mpira wa kutolea mkojo ukishavuliwa, mkojo huchuruzika akikohoa, akicheka, akiinuka. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda, wengine huchukua mwaka. Mtu huyo ataisimamaje foleni ya feri? Na kahawa huchokoza kibofu. Kwa hiyo amejifungia.

Hilo "kidogo tu" lako ndilo lililomhamisha, si mwanamke. Umeniandikia yote, ila hukuandika popote kwamba umemuuliza mwenyewe. Wifi ameijua shida ya chumbani kabla ya mwenye chumba! Ndoa za siku hizi ndivyo zinavyokufa: siri inazunguka kwenye simu mtaa mzima, na wawili wanaohusika hawajatazamana usoni. Mungu amesema mume na mke ni vazi, huyu kwa yule. Wewe umemvua mwenzio mbele ya ndugu zake. Niko upande wake, na sifichi.

Kuhusu kutokuguswa, mishipa ya fahamu inayoamsha uume imepita ubavuni mwa tezi. Hata daktari akiiokoa, huchoka, na kurudi kwake kwaweza kufika miaka miwili; kwa wengine hairudi kamili bila msaada. Dawa zipo, lakini za daktari, maana baadhi zikikutana na dawa za moyo hushusha presha kwa hatari. Vumbi la Kongo, hilo la nguvu za kiume la mitaani, usimletee. Kukumbatiana hakungoji dawa.

Leo usiku tandika shuka la mpira chini ya shuka lenu, umwite arudi, na neno harufu lisikutoke tena. Nendeni kliniki pamoja, aonyeshwe mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Wengi huambiwa mara moja wakasahau. Kipimo cha damu kiitwacho PSA nacho asikikose, ndicho kinachoonyesha kama saratani inarudi. Ikiwa ameacha msikiti kwa kuhofia udhu, amuone imamu, kwani mwenye mkojo usiozuilika ana hukumu yake. Akipata homa, akishindwa kukojoa kabisa, au mguu mmoja ukivimba, msingoje asubuhi.

Na wifi mpigie simu leo umwambie hakuna mwanamke. Mengine usimwambie.