Maswali yenu: Nimeombewa sana lakini mkeka haujaniacha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Safari hii meseji zenu nyingi zinauliza kitu kilekile, kumpinga shetani kunafanyikaje hasa ukiwa kwenye maisha haya ya kawaida ya kazini na mtaani. Nimechukua tatu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana najua vijana wengi mnaosoma hapa mko humohumo.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa boda, napaki Kiborloni hapa Moshi, nimeokoka na naimba besi kwenye kwaya ya usharika. Shida yangu ni kubeti. Nilianza na jero tu, nikala elfu themanini na kitu, nikatoa na fungu la kumi kabisa nikajua Mungu kanifungulia. Toka hapo sijapumzika. Sasa hivi nadaiwa hesabu ya kila siku na bosi mwenye pikipiki, na hela ya sare ya kwaya ambayo mimi ndo nilikuwa naikusanya nimeiweka kwenye mkeka, zile mechi unazobashiri kwa pamoja, ukachanika. Nimeombewa, nimewekewa mikono, roho ya kamari imekemewa mpaka nikaanguka chini, nakaa wiki mbili vizuri alafu Jumamosi mechi za Uingereza zikianza narudi kulekule. Hili ni pepo au ni mimi mwenyewe? Na kama ni pepo mbona linakemewa halitoki, shetani ana nguvu kuliko maombi?
Kijana wa boda, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na asante kwa kusema ukweli hasa hapo kwenye hela ya sare, maana hapo wengi wangeruka.

Kwanza nikutoe hofu, shetani hana nguvu kuliko Mungu, hilo limeisha. Ila hilo swali la pepo au mimi ndo linakuchelewesha. Ukishaamua ni pepo basi kazi yote inakuwa ya mtumishi anayekuombea, we unapiga magoti unaanguka unainuka unaenda nyumbani kusubiri uone kama limetoka. Ukiamua ni wewe tu, unajichukia mpaka kwaya unaacha. Yakobo ameyaweka yote mawili kwenye waraka mmoja. Sura ya 1 mstari wa 14 anasema kila mtu anajaribiwa na tamaa yake mwenyewe, inamvuta na kumdanganya. Alafu sura ya 4 mstari wa 7 huyohuyo anasema "Basi mtiini Mungu. Mpingeni Shetani, naye atawakimbia." Kwaio adui yupo kweli, na tamaa ni yako kweli, na yeye anaingilia palepale penye tamaa yako. Na uangalie mpangilio wa huo mstari, kutii kumetangulia. Sisi tunaanza na kupinga, tena kwa sauti kubwa, kutii tunakuruka kwa sababu ndo kunakouma. Kutii kwako wewe saa hizi ni kwenda kumwambia bosi ukweli na kuwaambia wanakwaya hela yao imeenda wapi.

Sisemi maombi hayana kazi, mi mwenyewe naombea watu na nimeona Mungu akifungua. Ila tumejenga mazoea mabaya huku kwetu ya kutafuta kitu kimoja cha haraka, maji, mafuta, kuwekewa mikono mara moja na tatizo liishe. Hapahapa Moshi tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walipoteza maisha kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, watu waliokwenda na shida za kweli kabisa na simhukumu hata mmoja wao, naumia mpaka leo nikikumbuka. Lakini nakuuliza wewe mwanangu, hata ungeyakanyaga hayo mafuta, Jumatatu si unarudi kijiweni na simu ileile yenye akaunti ileile?

Hebu tuongelee kijiwe chenyewe. Saa nane mchana, jua kali, abiria hakuna, umekaa juu ya pikipiki simu mkononi, hesabu bado elfu tatu na bando lipo. Inaingia meseji, umepewa bonasi. Pembeni mwenzako anasoma mkeka wake kwa sauti, fulani anashinda, hawa wanatoa sare, wale magoli yanazidi mawili. Hapo ndo jangwa lako. Kwenye Mathayo 4 Yesu amefunga siku 40, ameona njaa, ndo mjaribu anakuja, na hakuja na kitu kichafu, alikuja na habari ya mkate. Alimjia na kitu anachokihitaji saa ileile. We unahitaji elfu tatu ya hesabu na unaonyeshwa njia ya kuipata bila abiria. Ndo maana kukemea Jumapili kanisani peke yake hakutoshi, vita yako iko Jumatano saa nane mchana.

Na lile fungu la kumi uliangalie vizuri. Shetani hana shida na wewe kutoa fungu la kumi la mkeka, atakuacha hata utoe nusu yake, ilimradi uamini ule mlango ni wa Mungu na kesho urudi. Ule ushindi wa kwanza ndo uliokufunga kuliko hasara zote zilizofuata.

Alafu ujue na hesabu zake maana uongo mwingi umejificha humo. Tuseme umepanga mechi 10, zote timu kubwa, kila moja ina nafasi ya asilimia 70. Ukiangalia moja moja unaona mkeka umekaa vizuri sana. Ila zote 10 kutiki kwa pamoja ni chini ya asilimia 3, yani kwenye mikeka 100 ya namna hiyo tegemea kama 97 ichanike. Na kati ya hiyo, kama 12 itachanwa na mechi moja tu, na hiyo ndo mibaya zaidi, kwa sababu inakuachia moyoni kwamba ulikuwa karibu, ilibaki moja tu, wiki ijayo natoboa. Wewe unaona bahati inakuja kumbe ni hesabu inafanya kazi yake ileile.

Sasa leo hii piga huduma kwa wateja wa hiyo kampuni uombe akaunti ifungwe. Kufuta apu peke yake ni kujidanganya, inarudi ndani ya dakika mbili, na hata kwenye kitochi watu wanabeti kwa menyu, kwaio anza na akaunti. Magrupu ya kutumiana mikeka toka yote, usiage. Namba zinazokutumia bonasi zifungie. Hela isilale kwenye simu yako, ukishapata nusu ya hesabu mpelekee bosi taslimu mchana, nyingine jioni, ya akiba mpe mama yako akushikie. Waefeso 4:27 inasema "wala msimpe Ibilisi nafasi", na nafasi kwako ni vitu vya kushikika kabisa, ni salio, ni namba ya siri, ni kile kibanda cha kubetia ulichozoea kusimama mbele yake. Kama kijiwe kimegusana na kibanda hamia kijiwe kingine hata kama abiria ni wachache mwanzoni.

Hela ya sare, usikope kausha damu, ile mikopo ya riba kali, wala hizi za kwenye simu ili uzibe shimo, nakuomba sana, hapo utakuwa na mashimo mawili. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya kabla hajakufata yeye, sema kiasi chote, omba ulipe kidogokidogo kila wiki. Watakasirika na wana haki. Utaambiwa usishike hela tena, kubali. Yakobo 5:16 tunausoma sana ule mwisho wake kuhusu maombi ya mwenye haki, lakini unaanza na kuungamiana dhambi, mtu kwa mtu, ndo uponyaji unafata. Tafuta mzee wa kanisa mmoja au kaka mtu mzima kwenye kwaya, mkubaliane kila Jumamosi mechi zikianza anakupigia, na ukiwa umebeti unamwambia, umechana au umekula unamwambia.

Na hamu ikirudi wiki ya tatu usiseme maombi yalishindwa. Luka 4:13 inasema Ibilisi alipomaliza kumjaribu Yesu alimwacha kwa muda. Kama kwa Bwana alipanga kurudi, kwako atarudi, wewe hakikisha tu akirudi akaunti haipo na kuna mtu wa kumpigia.

SWALI: Shalom mama. Nimeolewa nina watoto wawili, tunaishi Sakina, Arusha. Mume wangu yuko machimboni Mererani, anarudi mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine harudi. Kanisani kuna kaka mmoja tuko nae timu ya maombi, tukakubaliana kuombeana kwa simu saa sita usiku. Ni mtu wa Mungu kweli na amenijenga. Ila siku hizi maombi yanaisha tunabaki tunaongea mpaka saa nane, ananiuliza siku yangu, ananiambia Jumapili nilipendeza. Hatujafanya kitu chochote. Rafiki yangu anasema ni mtego wa shetani, mi naona ni wivu wa kiroho. Nakosea?
Dada wa Sakina

JIBU: Shalom mwanangu. Huyo rafiki yako usimpoteze, wenye ujasiri wa kukwambia hivyo ni wachache.

Nikuulize kitu kimoja. Mume wako akishuka kwenye gari akafika nyumbani akasema nipe simu yako nipige mara moja, unampa hapohapo, au unaingia kwanza chooni kufuta? Jibu lako ndo jibu langu. Unasema hatujafanya kitu, lakini mambo ambayo mke anamwambia mumewe usiku, kachoka na nini, mtoto kasema nini, anaogopa nini, hayo yote sasa hivi anayapata kaka wa maombi. Hicho ni kitu tayari.

Soma Mwanzo 39. Mke wa Potifa alimsemesha Yusufu siku baada ya siku, na mstari wa 10 unaonyesha Yusufu hakukataa kulala nae tu, alikataa hata kukaa nae. Na siku aliposhikwa nguo hakubaki pale amwombee wala amhubirie, aliacha vazi mkononi mwa yule mama akakimbia nje. Wapo watu wa rohoni wanaoona kukimbia ni udhaifu, wanataka wakae karibu na moto waonyeshe hawaungui. Paulo akiandika Wakorintho wa kwanza 6:18 anasema "Ikimbieni zinaa". Hakusema mjadiliane nayo. Na shetani kukunasa kwa disko alijua haiwezekani, we sio mtu wa disko, akapitia hapohapo unapopapenda, kwenye maombi.

Kwaio usiku wa leo mwandikie meseji fupi, kaka nimeacha maombi ya simu, Mungu akubariki, basi. Usieleze sababu, maana ukieleza atajibu, ukijibiwa utajibu, na itafika saa nane. Akipiga usipokee. Kwenye timu mwambie kiongozi unataka kuombea na kina mama, hatakuuliza sana.

Ila upweke wako sio dhambi na sitaki uufiche. Ndoa nyingi za machimboni zinapita hapo, mwanaume yuko shimoni anasubiri siku jiwe litoke, mama yuko mjini na watoto na kodi ya nyumba, na simu zao zimebaki za ada na umeme tu. Mererani sio Ulaya, watoto waachie dada yako Jumamosi, panda gari asubuhi nenda kamuone, mle pamoja, umwambie kwa mdomo wako kwamba mwezi mzima ni mrefu na unachoka kuwa peke yako. Anaweza asijue kabisa. Na ile saa sita mliyokuwa mnaomba na kaka, mpigie yeye, hata dakika kumi, muombe pamoja hata kama yeye hajazoea kuomba kwa sauti.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa Machame. Nikianza kusali maneno mabaya ya kumtukana Mungu yananijia kichwani, siyataki lakini yanakuja. Toka Kwaresma sijashiriki Meza ya Bwana, naona nitakula hukumu yangu. Nimeshapotea?
Bibi

JIBU: Shikamoo mama. Hujapotea hata kidogo. Mtu aliyemkataa Mungu halii akipata mawazo hayo, wewe yanakuumiza kwa sababu unampenda. Yesu mwenyewe aliambiwa na Ibilisi amsujudie, aliyasikia hayo maneno kwa masikio yake, na kuyasikia hakukumfanya awe na dhambi. Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa katika mambo yote kama sisi ila bila kutenda dhambi. Yakija usibishane nayo wala usianze sala upya, endelea palepale ulipofika, sema Baba yetu mpaka mwisho hata kama kichwa kina kelele. Na kama yanakunyima usingizi au yanakuja mchana kutwa, mwambie mjukuu akupeleke hospitali uongee na daktari, hilo nalo lina matibabu na hakuna aibu yoyote. Mchungaji wako mwambie kama ulivyoniambia mimi, kabla ya ibada, ukiona vigumu kwenda peke yako kiongozi wa jumuiya akusindikize ofisini, na Jumapili hii uende mezani mama yangu.