Viluwiluwi weusi kidimbwini: sumu ya chura hupanda lini na hushuka lini

Dada wa Ruai, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata. Kwa waliochelewa: amechimba kidimbwi uani, mvua za masika zikaleta vyura, na sasa maji yamejaa viluwiluwi weusi tii. Ana mtoto wa miaka miwili, mbwa na kuku. Anauliza kama wanyama hao wanatia maji sumu, na kama awamwagie chumvi. Mdau mmoja kamjibu kwamba chura ni sumu ileile tangu yai hadi uzee, kwa hiyo awaue wote. Mwingine kasema kiluwiluwi hana neno, sumu huja ukubwani. Nawaheshimu wote wawili, lakini hakuna aliyepatia, na jibu la pili linaweza kukugharimu kuku.

Kazi yangu ni kutunza bustani na vidimbwi vya watu, zaidi pande za Karen na Runda, na vyura nimewashika mpaka nimezoea. Unayemsikia akikoroma usiku baada ya mvua, mkubwa, mkavu, vipele mgongoni, kwa kawaida hapa Nairobi ni yule ambaye wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis. Hutaga mayai kwa kamba ndefu za utelezi zilizojaa vitone vyeusi, maelfu kwa mara moja, akizizungusha kwenye majani ya majini. Nadhani hizo kamba ulizikuta asubuhi moja ukazidhania uchafu.

Sasa sumu yenyewe. Chura wa jamii hii haipati kwa kula wadudu fulani, kama wale vyura wadogo wa rangi kali wa Amerika Kusini. Huitengeneza mwenyewe mwilini kutokana na kolesteroli. Kazi yake ni kuziba pampu iliyo kwenye ukuta wa seli, ile inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hiyo ikizibwa kwenye moyo, mapigo yanavurugika. Wakamba na Wagiriama walipopika mti wa msunguti kupata sumu ya mishale, walikuwa wanailenga pampu hiyohiyo, ingawa mti na chura hawana undugu wowote. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema sumu ya chura ni ya kuwasha tu.

Lakini kiasi chake hakikai palepale, na hapo ndipo majibu ya juu yalipopotoka. Waliofuatilia jambo hili kwa undani ni Waaustralia, kwa sababu yaliwakuta: mwaka 1935 walileta Queensland chura mkubwa mwenye asili ya mabara ya Amerika ili ale wadudu wa miwa, akawaachia wadudu wao na kuanza kuua wanyama waliojaribu kumla. Kwa chura huyo walikuta kwamba yai ndilo lenye sumu nyingi kwa ukubwa wake, na sumu hiyo ni mtaji kutoka kwa mama. Viluwiluwi wa vyura wenyeji waliotafuna mayai hayo walikufa. (Viluwiluwi wa chura huyo mwenyewe huyala mayai ya wenzao bila kudhurika. Undugu wa ajabu huo.) Yai likishaanguliwa, mtaji unatumika. Kadiri kiluwiluwi anavyokua sumu inapungua, hadi inafika chini kabisa siku zile anapoota miguu, mkia unanywea, na anatoka majini akiwa na ukubwa wa ukucha. Baada ya hapo matezi ya sumu ya ngozini yanaanza kujengeka na sumu inapanda tena pamoja na mwili.

Usichukue mchoro huo ukadhani kila chura anaufuata hatua kwa hatua. Wale wa Ulaya, kwa mfano, huanza kujitengenezea sumu wakiwa bado viluwiluwi. Huko Hungaria walipolinganisha madimbwi, waliokuwa na sumu zaidi ni viluwiluwi waliobanana na wenzao wengi. Wingi wa maadui haukueleza tofauti hiyo. Mimi ningetarajia kinyume, kwamba penye kereng'ende wachanga na mende wa majini ndipo sumu ingezidi. Kumbe njaa na kugombania chakula vinahesabika zaidi.

Hata hivyo adui naye ana nafasi yake. Kiluwiluwi akipondwa, ngozi yake inaachia kemikali majini ambayo wenzake wanaitambua, na kundi zima linatawanyika. Hili unaweza kuliona mwenyewe, kwa sababu weusi hawa hupenda kuogelea kwa kundi penye maji ya kina kifupi yaliyopata jua. Kule Australia waliwakuza viluwiluwi kwenye maji yenye harufu hiyo ya hatari. Walipotoka nchi kavu walikuwa wadogo kuliko wenzao, lakini matezi yao yalikuwa makubwa kwa kulinganisha na mwili. Yaani waliona dunia ni mbaya, wakapunguza unene wakanunua silaha.

Sasa turudi uani kwako.

Maji yenyewe yasikunyime usingizi. Sumu hukaa ngozini mwa mnyama. Haimwagiki kama rangi inayochuja kutoka kwenye nguo. Samaki wa mapambo ninaowatunza hudaka kiluwiluwi mweusi na kumtema papo hapo, kisha wanaendelea na shughuli zao. Ladha peke yake inatosha kuwafundisha. Wanaowala bila shida ni wadudu wa majini, maana wengi wao hutoboa na kunyonya vya ndani, ngozi wanaiacha. Chumvi usimwage. Utaua kila kilichomo pamoja na mimea, halafu utabaki na mizoga mia kadhaa inayooza, na hapo maji yataharibika kweli.

Ila kama utawahi kuziona zile kamba za mayai tena na huzitaki, zitoe mapema kwa reki ya majani au kwa mikono yenye glavu, uzifukie. Usizitupe juu ya nyasi. Kuku na bata wanachokora kila kitu, na umeshaona kwamba huo ndio wakati ambao sumu imejaa. Bibi mmoja ninayemfanyia kazi alikuwa ameambiwa awape bata hizo kamba "kama protini". Nilizichukua kwenye ndoo kabla hajafanya hivyo.

Wale wadogo wanaotoka majini kwa wingi, utawaona mchana kweupe wakirukaruka kwenye ukingo wenye unyevu. Mchana wanabaki huko kwa sababu ngozi yao hukauka haraka, na kwa sababu vyura wakubwa hutoka usiku na hawaoni haya kumla mtoto. Huo ndio wakati wao wa kuwa karibu uchi: sumu ya mama imeisha, matezi yao hayajakua. Nimeona siafu wakipita kando ya kidimbwi cha mteja na kuwabeba mmoja mmoja bila kusita. Mtoto wako akimshika mmoja, mnawishe mikono kwa sabuni, basi. Asimtie mdomoni tu, na usimruhusu kucheza na mkubwa.

Mkubwa ndiye wa kumfikiria mbwa. Ana matezi mawili marefu nyuma ya macho, na mengine madogo yametapakaa mgongoni. Hana haraka ya kuyatumia, kwa sababu akishayakamua huchukua muda kuyajaza tena. Kwanza atajaza hewa mwilini, atainuka kwa miguu, atainamisha kichwa ili matezi yakutazame wewe. Ukimwinua atakukojolea, na mkojo huo ni maji tu. Utomvu mweupe mzito unatoka pale mbwa anapomuuma. Meno ndiyo yanayoukamua.

Dalili kwa mbwa: mate yanatiririka, povu, anajikuna mdomo kwa miguu, fizi zinakuwa nyekundu sana. Ikizidi anatapika, anayumba, anatetemeka. Futa fizi na ulimi kwa kitambaa kibichi, kisha mwoshe mdomo kwa maji ya bomba huku kichwa kikielekea chini, maji yaingie upande mmoja na kutoka mbele. Ukiyaelekeza kooni unamsukumia sumu tumboni. Maziwa na mafuta ya kupikia, ambayo kila jirani atakushauri, hayaondoi sumu hii. Kama ni mbwa mdogo au unaona anayumba, usingoje, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mbwa wengi waliokomaa huuma chura mara moja na kukoma, lakini wapo wakaidi wanaorudia kila msimu. Tena badilisha maji ya bakuli lake kila asubuhi, maana vyura hupenda kukaa humo usiku.

Kuhusu nyoka, ambaye aliulizwa na mdau wa Athi River: ndiyo, vyura wanaweza kumvuta. Kuna nyoka mdogo wa jamii ya bafe, Causus, ambaye chakula chake kikuu ni vyura hawahawa. Pampu ya seli za nyoka wa aina hii ina mabadiliko madogo, sumu haishiki vizuri, kwa hiyo anameza chura mzima. Ukifyeka nyasi ndefu karibu na kidimbwi na kuondoa mawe yaliyorundikana umepunguza nafasi yake ya kujificha, na vyura hawatajali.

Na yule aliyeandika kwamba chura hutema sumu machoni na kuleta chunjua: chunjua ni kirusi cha binadamu, humpati kwa chura. Kutema, huyu wetu hatemi. Macho huwasha pale unapomshika halafu ukajifikicha bila kunawa, na yakishawasha, yaoshe kwa maji mengi safi. Uwekundu usipotulia, nenda hospitali.