Wakihamisha shule ya lugha, wewe uliza basi linapita wapi

Kuna dada yuko Texas kaniandikia. Ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili kwenye programu ya kusoma masomo kwa Kihispania, mdogo anaingia chekechea mwakani. Wilaya yao ya shule inataka kuihamisha programu hiyo kutoka shule iliyo jirani na fleti wanazoishi, iende upande wa pili wa mji kwenye jengo lenye nafasi. Wazazi wameitwa mkutanoni. Anauliza: "Kaka, niende nikaseme nini? Mimi si mwalimu, na Kihispania chenyewe sikijui."

Nenda, dada. Hata mimi si mwalimu. Naendesha basi la njano la shule kusini mwa Seattle, na nimekaa kwenye kamati ya wilaya yetu iliyopanga shule za lugha zikae wapi. Humo ndani walikuwemo watu wenye shahada za kujaza ukuta, lakini lilipofika suala la mtoto atafikaje shuleni, wote walinigeukia mimi. Nalisema hili bila aibu. Binti yangu sasa anasoma Kihispania vizuri kuliko baba yake anavyosoma bili ya umeme kwa Kiingereza.

Kwa mliofika karibuni: Marekani mtoto hupangiwa shule kwa anwani ya nyumbani. Mpaka wa mtaa ukipita upande huu wa barabara, mtoto wa upande ule anasoma kwingine. Juu ya utaratibu huo kuna shule za kuchagua, ambazo unaomba nafasi hata kama huishi karibu nazo. Zile za kuzamia lugha ni aina mojawapo. Hesabu, sayansi na hadithi hufundishwa kwa Kihispania, Kichina, Kijapani au lugha nyingine kwa nusu ya siku au zaidi, kuanzia chekechea. Sisi tuliosoma shule za serikali Tanzania tunalijua jambo hili kwa upande wake mchungu, maana tulimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, tukatupwa kwenye kina cha Kiingereza Form One bila boya. Hapa wanaanza na mtoto akiwa na miaka mitano, na mwalimu hamwachi azame.

Kama lugha inaingia au haiingii, hilo lilishajibiwa zamani. Wazazi wa Saint-Lambert, karibu na Montreal, walipigania darasa lao la Kifaransa mpaka likaanza mwaka 1965. Culver City, California, wakaiga kwa Kihispania mwaka 1971. Kule Portland, Oregon, watafiti waliwafuatilia watoto waliopata nafasi kwa bahati nasibu na waliokosa. Waliopata walikuwa mbele katika kusoma Kiingereza, narudia, Kiingereza, kwa takriban miezi 7 ya masomo walipofika darasa la tano, na miezi 9 darasa la nane. Basi atakayekuambia mtoto wako atachanganyikiwa kwa sababu nyumbani mnaongea Kiswahili, mwachie maneno yake.

Ugomvi uko kwenye mlango. Nani anaufikia?

Wilaya yetu siitaji jina. Programu yetu ilianzia kwenye shule ya bondeni, katikati ya fleti za kupanga, Wamexico, Wasomali, Wakongomani na sisi wengine. Pale palifaa. Programu ya namna hii inanoga darasa likiwa na watoto wanaoongea Kihispania nyumbani pamoja na wasiokijua, wakafundishana. Miami walilijua hilo tangu 1963 pale Coral Way, shule iliyokuwa na watoto wa Wakuba waliokimbia nchi yao na watoto waliokulia Kiingereza, wote wakisoma kwa lugha mbili. Hukuhitaji kuwasafirisha Wakuba kwenda kutafuta Kihispania. Walikuwa wanakaa palepale.

Halafu shule yetu ikajaa. Wakaleta vile vibanda vya madarasa vinavyobebwa kwa lori, wakavipanga kwenye uwanja wa mpira. Watoto wa mtaa waliokuwa kwenye madarasa ya kawaida wakaanza kubanwa, wazazi wao wakanuna, na walikuwa na haki. Shule mbili ndani ya jengo moja ni kama wake wenza kwenye jiko moja. Hata wakipendana, siku ya kugombea sufuria ipo. Wilaya ikaunda kamati na kutafuta wazazi "wenye sauti tofauti". Mimi nadhani walihitaji Mwafrika kwenye picha. Walimpata dereva.

Mkutano wa kwanza ulikuwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo nusu ya wazazi wa bondeni wanaingia zamu. Walikuwepo wakalimani wa Kihispania, Kisomali na Kivietinamu. Wa Kiswahili hakuwepo. Nilikaa katikati ya akina mama wawili wa Kongo nikiwanong'oneza kila kinachosemwa, mpaka mmoja akanishika mkono akasema, "Baba, waulize: mutoto atafika kule namna gani?" Nikasimama nikauliza vilevile alivyotaka. Kimya. Kisha mtaalamu aliyekodishwa na wilaya akawasha ramani ukutani.

Ramani hiyo naiona mpaka leo. Ilikuwa na miduara, kila shule imezungushiwa duara la maili mbili, rangi ya bluu, machungwa, kijani. Pendekezo la kwanza lilikuwa shule ya mlimani, jengo zuri, madarasa matupu sita, na duara lake la kijani lilimeza fleti zetu zote. Kwenye karatasi tulikuwa jirani. Nikaomba kalamu. Nikawaonyesha mto, nikawaonyesha barabara kuu, nikawaonyesha daraja moja tu la kuvuka, nikachora njia ambayo gari linapita kweli. Ile maili moja na nusu ya duara ikawa zaidi ya maili nne, na asubuhi daraja lile linasimama kabisa. Hakuna mtoto wa darasa la kwanza atakayevuka pale kwa miguu.

Nikawaambia na jambo la pili, ambalo asiyeendesha halijui. Basi moja halina kazi moja. Asubuhi nabeba kwanza wa sekondari, nawashusha, nageuza kwenda kubeba wa msingi. Kengele za shule zimepishanishwa kwa makusudi ili basi lilelile lipige mizunguko miwili au mitatu. Sasa ukiiweka shule ya kuchagua mbali, halafu kengele yake ikagongana na za shule nyingine, hakuna basi litakalobaki, hata bodi ya shule iwe na moyo mwema namna gani. Na ukiliongezea kituo baada ya kituo mji mzima, mtoto wa mwisho anakaa kwenye kiti saa nzima. Wa Dar mnaelewa. Mnawaona watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wakisubiri gari saa kumi na moja alfajiri, wamelala wima.

Kamati nyingine zimekutana na mafundo haya haya. Palo Alto, California, walibishana vikali mwaka 2007 juu ya Kichina. Programu yao ya Kihispania ilikuwa ndani ya shule ya Escondido pamoja na watoto wa mtaa, na watu waliogopa shule nyingine ya mtaa kumezwa. Mwishowe Kichina kikapelekwa Ohlone, ambayo tayari ilikuwa shule ya kuchagua. Pale hakuna mtoto aliyeporwa shule ya mtaani kwake. Ni akili nzuri, ila ina bei yake: kila mtu anaifuata shule kwa gari.

Seattle nao wana John Stanford, shule ya Kijapani na Kihispania iliyofunguliwa mwaka 2000 mtaa wa Wallingford. Mwanzoni ilikuwa ya wakazi wa eneo, maana yake tiketi ya kuingia ilikuwa nyumba. Mwenye pesa ananunua pale, mwenye fleti bondeni anasikia habari zake redioni. Baadaye wakaigeuza iwe ya kuomba, kwa bahati nasibu, lakini ndugu wa wanaosoma hutangulia, kisha walio kwenye eneo la karibu. Minneapolis wakafanya kinyume. Mwaka 2020 bodi yao ilipitisha mpango wa kuzisogeza shule za kuchagua katikati ya mji ili kila upande usafiri sawa. Kwa upangaji mabasi, katikati ni pazuri mno. Kwa familia zilizokuwa zikitembea kwa miguu kwenda shule ile ya zamani, ilikuwa kilio.

Pasipoumiza mtu hapapo. Ninachotaka ni kwamba wasiumizwe walewale kila mara.

Turudi kwetu. Nilipendekeza vituo vya pamoja. Kama basi halitaweza kupita kila kona, basi lisimame kwenye shule tatu za mtaa, mzazi amfikishe mtoto pale kwa miguu, na basi liwachukue wote moja kwa moja hadi mlimani. Nilikaa mezani kwangu nikapiga hesabu ya dakika, kituo kwa kituo, na taa za barabarani nikaziweka. Kengele ya shule ya mlimani nikaomba isogezwe mbele ili iangukie mzunguko wa pili. Nilikabidhi karatasi ile kwa mikono yangu.

Programu ikahamia mlimani. Vituo vya pamoja vikapitishwa, vilevile, hadi shule zilezile tatu. Ripoti ilipotoka, mpango wote uliandikwa kuwa ni wa yule mtaalamu wa miduara. Jina langu lipo ukurasa wa mwisho kwenye orodha ya "wazazi waliohudhuria", na limekosewa herufi. Mke wangu ananiambia niache, watoto wanapanda basi, inatosha. Haijanitosha. Kila asubuhi nikipita kwenye kituo cha kwanza nawaona wamejipanga na mabegi yao, na najua dakika zile nani alizihesabu.

Sasa niwaseme ndugu zangu, na msinichukie. Tukisikia kikao cha harusi, tunafika. Kamati ya send-off, tunafika na michango tunatoa, na mwenyekiti tunampigia makofi. Bodi ya shule ikitangaza mkutano wa kuamua mtoto wako atasoma wapi kwa miaka sita, tunasema "hao Wazungu walishaamua". Nani kakwambia? Nimekaa humo ndani. Hawajaamua. Wana karatasi tatu mezani na hofu ya kupigiwa kelele, na wanaopiga kelele ni wale wa mlimani wenye barua zilizoandikwa na mawakili. Siku ile ya kura walijaa ukumbini. Sisi wa bondeni tulikuwa wachache wa kutosha gari moja. Boksi tunabeba, najua, mimi mwenyewe nalala saa tatu usiku nikaamke usiku wa manane. Lakini mtu anaweza kutuma barua pepe. Mtu anaweza kumwomba jirani aseme kwa niaba yake. Mwenyezi Mungu hatashuka aje ajaze fomu ya wilaya. Nenda mkutanoni. Nitalirudia hata mara mia, nenda mkutanoni.

Dada wa Texas, ukifika uliza basi. Waulize njia halisi ya gari, wakikuonyesha duara omba barabara. Waulize kengele ya shule mpya italia saa ngapi na basi litatoka mzunguko gani. Kama hakuna basi, waulize kwa nini programu ya watoto wanaoongea Kihispania inahamia mahali ambapo wazazi wao hawafiki. Omba mkalimani siku kadhaa kabla, kwa maandishi, hata kama wewe Kiingereza unakimudu, maana kuna mwenzako hakimudu. Na uulize madarasa ya kila ngazi yatakuwa mangapi. Watoto wengine huhama njiani, na nafasi zao haziwezi kujazwa na mgeni asiyejua lugha akifika darasa la tatu, kwa hiyo programu iliyoanza na darasa moja moja inaweza kufika darasa la tano ina watoto kumi na kitu, na hapo ndipo wanapoanza kuzungumzia kuifunga. Madarasa mawili kila ngazi, ndiyo salama. Jengo wanalolitaka lina vyumba hivyo? Kahesabu mwenyewe, usingoje uhesabiwe.

Kuhusu mdogo wake, hilo usiliache mpaka baada ya kura. Kanuni ya ndugu kutangulia huwa imefungwa kwenye shule, na shule ikihama watu wa ofisi wanaweza kuisoma upya. Waandikie leo: mtoto wangu mkubwa yuko kwenye programu, mdogo anaingia mwakani, je, haki yake inahama na programu au inabaki na jengo? Usiridhike na jibu la simu. Likirudi kwa maandishi, lichapishe, uende nalo ukumbini. Na ukikwama kwenye ramani, nipigie picha unitumie. Jumamosi siendeshi.