Nauli Alilipa Nani? Kwa Wanaoanza Kutafuta Koo za Waingereza Waliohamia Australia

Wengi mnaoingia kwenye kazi za utafiti mtandaoni mtakutana mapema na mteja wa Sydney au Melbourne mwenye ombi moja: nitafutieni wazee wangu walitoka wapi Uingereza. Anayeanza hukimbilia rejesta za Uingereza na kuandika jina. Msiende huko kwanza. Akina William Smith ni wengi mno, na kila mmoja ataonekana kumfaa mteja. Anzeni na kifo, huko huko Australia, mrudi nyuma hadi kijiji kijitaje chenyewe.

Cheti cha kifo cha Victoria tangu 1853, au cha New South Wales tangu 1856, ni hazina. Kina majina ya wazazi, kazi ya baba, mahali alikozaliwa marehemu, alioa wapi na akiwa na umri gani, watoto wake, na miaka aliyokaa kwenye makoloni, yaani majimbo ya Australia ya leo. Mtu akifa 1881 na cheti kikasema alikaa miaka 32, mnatafuta meli ya 1849 au jirani yake. Ila kabla ya kuamini, someni safu ya mtoa taarifa. Binti aliyeishi na marehemu anajua jina la bibi yake. Mhudumu wa hospitali anabahatisha, au anaacha wazi. Vyeti vya South Australia vya karne ya 19 ni vikavu, kwa mtu mzima wazazi kwa kawaida hamwakuti, kwa hiyo msimwahidi mteja wa Adelaide mambo makubwa.

Baada ya hapo ulizeni: nauli ililipwa na nani? Uingereza haikujali sana kuandika walioondoka. Orodha za abiria waliotoka zilizohifadhiwa kwa mpangilio zinaanzia 1890, na za kabla ya hapo ni chache mno. Aliyeandika ni aliyepokea, na aliandika kwa kadiri alivyotoa pesa.

Kuanzia miaka ya 1830 makoloni yaliuza ardhi na kutumia fedha hizo kuwaleta vibarua na wajakazi. Kwenye mpango wa New South Wales wakala alilipwa kwa kila mtu aliyefikishwa akiwa anafaa, kwa hiyo ilibidi abiria wahojiwe na kuandikwa. Ndiyo maana orodha nyingi za wahamiaji waliosaidiwa zina umri, kazi, dhehebu, kama mtu anajua kusoma, alikotoka, na mara nyingine hata wazazi wake. Umri uchukueni kwa tahadhari. Mpango ulikuwa na kikomo cha umri na ulitaka watu wa mashambani, basi baba wa miaka 43 angeweza kuteremka Sydney akiwa na 39, na fundi viatu akageuka mkulima baharini.

Aliyejilipia hakuulizwa mengi. Wakati watu walipokimbilia dhahabu ya Australia, baada ya 1851, mtapata jina la ukoo, pengine herufi ya kwanza na umri, basi. Kwa watu hawa nendeni Trove, hifadhi ya magazeti ya Maktaba ya Taifa ya Australia, ambayo ni bure. Tafuteni matangazo ya vifo na ndoa, na mwisho wa tangazo angalieni mstari mdogo unaoyaomba magazeti ya Kent, au ya Devon, yanakili habari hiyo. Familia ilikuwa inawapasha ndugu waliobaki kwao, na hapo mkoa mmeshaupata.

Maskini wengine walilipiwa na parokia zao. Sheria ya maskini ya 1834 iliruhusu hivyo, maana kumpakia mtu melini kulihesabiwa nafuu kuliko kumlisha kila msimu wa baridi. Hawa ndio pekee ambao habari za safari yao nawashauri mzitafute pia upande wa Uingereza, kwenye hesabu za parokia.

Na wapo waliosafirishwa kwa nguvu, takriban 162,000 kati ya 1788 na 1868. Serikali iliwagharimia, kwa hiyo ndio walioandikwa kuliko wote: kesi, meli, mwenendo, urefu, rangi ya macho, makovu, hata chale za nanga na herufi za mpenzi kwenye mkono. Jina tu ndilo linaweza kuwadanganya. Mary Reibey, ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia, alihukumiwa kwa wizi wa farasi akiwa amevaa kiume na kujiita James Burrow. Zamani familia zilificha babu wa aina hii. Wateja wa leo wengi hufurahi, lakini ulizeni kwanza kabla ya kuandika ripoti.

Mkitaka kujifua bila hasara, fanyeni mazoezi na Henry Parkes, aliyekuwa waziri mkuu wa New South Wales mara 5. Alizaliwa 1815 parokia ya Stoneleigh, Warwickshire, akamwoa Clarinda Varney huko Edgbaston 1836. Usajili wa serikali Uingereza ulianza 1 Julai 1837, hivyo yote mawili yamo kwenye vitabu vya kanisa. Mwaka 1839 walipanda meli ya Strathfieldsaye kwa nauli ya msaada, na binti yao akazaliwa baharini siku chache kabla ya kufika Sydney Julai. Huyo mtoto mtamtafuta wapi? Koloni lilikuwa bado halisajili, kwa hiyo ni vitabu vya ubatizo vya Sydney.

Mkishafika kijijini, kumbukeni kwamba sensa ya 1841 ilishusha umri wa watu wazima hadi tano ya karibu: 34 huandikwa 30. Ya 1851 inataja parokia ya kuzaliwa. Na mkikuta watoto wawili wa jina moja nyumba moja, tafuteni mazishi ya wa kwanza, kwani Waingereza walirudia jina la mtoto aliyefariki. Cheti cha kuzaliwa cha Uingereza msikinunue mpaka faharasa ya mtandaoni ya GRO, ofisi kuu ya usajili ya huko, ambayo huonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, ilingane na cheti cha kifo cha Australia. Vyeti hivyo vinalipiwa, na mteja hatarudisha pesa ya William Smith asiye wake.