Trei tatu za mayai, kete 64 na chumba kimoja

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Mvua ya barafu ikiwafungia ndani siku mbili tatu na umeme umekatika, mnapitishaje muda nyumbani?" Naandika kutoka Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimeweka makazi Portland na Lewiston. Jibu langu ni hili: muda hupita vizuri katika nyumba iliyopanga siku yake kufuata mwanga wa jua, ikahamia chumba kimoja mapema, na ikawa na michezo isiyokula chaji. Visipokuwepo viwili vya kwanza, hicho cha tatu hakina raha.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana wageni wengi huchanganya mvua hii na theluji. Theluji hushuka kavu, unaifagia. Hii hushuka ikiwa maji. Juu angani kuna tabaka la hewa ya joto linaloyeyusha theluji, na chini karibu na ardhi kuna hewa iliyo chini ya nyuzi sifuri. Matone hupita humo yakipoa kupita kiasi bila kuganda, na yakigusa tawi, waya au ngazi ya mlangoni yanaganda hapo hapo. Barafu ya unene wa sentimita moja na robo tu inaweza kuongeza zaidi ya kilo 200 kwenye waya wa umeme kati ya nguzo mbili. Ndiyo maana umeme hukatika kwa muda mrefu: mafundi huwa na maelfu ya nyaya zilizoanguka, na barabara hazipitiki. Januari 1998 mvua ya namna hii iliwakatia umeme zaidi ya nusu ya watu wa Maine, na ng'ambo ya mpaka, Quebec huko Kanada, wako waliokaa zaidi ya mwezi gizani. Kentucky, ambako pia kuna Wakongo wengi, ilipigwa Januari 2009, na zaidi ya nyumba na biashara 700,000 zikakosa umeme.

Kwa hiyo utabiri ukitaja barafu ya milimita 6 au zaidi, fanya kazi siku hiyo hiyo. Chaji simu, pawabenki na tochi. Weka maji lita 4 kwa kila mtu kwa kila siku, yatoshe siku tatu. Mwenye kisima cha pampu ajaze pia ndoo za choo, kwa sababu umeme ukienda na maji yamekwenda. Ndoo ya lita 6 ikimwagwa kwa mkupuo mmoja husukuma choo vizuri, ikimwagwa polepole haisukumi kitu. Chemsha chai na uji, ujaze chupa zote za chai ulizo nazo. Mwaga chumvi ya barabarani kwenye ngazi kabla mvua haijaanza, si baada. Chumvi ya kawaida huzidiwa baridi ikishuka kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na hapo mchanga ndio unaokupa pa kukanyaga. Halafu gandisha kikombe cha maji kwenye friza, weka sarafu juu ya barafu yake, ukirudishe. Nitaeleza kazi ya sarafu hiyo mwishoni.

Umeme ukikatika, msisubiri nyumba ipoe ndipo mhame. Chagueni chumba kimoja kidogo, chenye madirisha machache, ikiwezekana kinachopata jua mchana. Fungeni milango ya vyumba vingine, zibeni uwazi wa chini ya mlango kwa taulo iliyokunjwa, tundikeni mablanketi madirishani jua likizama na myafungue likichomoza. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto karibu sawa na balbu ya wati 100, basi watu watano katika chumba kidogo wanapashana joto kwa hakika. Wakitawanyika kila mtu chumbani kwake na simu yake, joto hilo linapotea bure. Godoro liwe juu ya zulia, sakafu tupu hunyonya joto la mwili. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asifunikwe mablanketi mazito. Avishwe nguo tabaka kwa tabaka, alale kwenye kitanda chake.

Hapa naomba kila msomaji anisikilize. Jiko la mkaa lisiingie ndani. Lisiwekwe jikoni, lisiwekwe gereji, wala dirisha likiwa wazi kidogo. Kwetu Afrika Mashariki nyanda za baridi kila mwaka zinazika watu waliolala na jiko chumbani, na nyumba za huku zimezibwa zaidi kuliko zile, kwa hiyo gesi ya kaboni monoksidi hujaa haraka zaidi. Haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, unaishiwa nguvu. Wengi hudhani ni mafua wakalala, wasiamke tena. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi wake uelekee mbali na madirisha. Jiko la gesi la kupikia lisitumike kupasha chumba, na lile dogo la kambini liwashwe nje tu, mbali na mlango. Gari likiwashwa kwa ajili ya kuchaji simu, liwe nje ya gereji na bomba lake la moshi lisiwe limezibwa na theluji au barafu. King'ora cha gesi hiyo kiwe na betri nzima. Kikilia, tokeni wote nje kwanza, ndipo mpige 911, namba ya dharura ya huku. Ukitaja neno Swahili, mhudumu hutafuta mkalimani kwa simu.

Sasa siku yenyewe. Mwanzoni mwa Januari jua la Portland huchomoza kama saa moja na robo asubuhi na kuzama kama saa kumi na robo alasiri. Mna saa tisa za mwanga na kumi na tano za giza, na kosa la kawaida ni kutumia mwanga kulala na kuangalia simu, halafu kazi zote zikaangukia gizani. Mchana ndio wa kupika, kukagua mabomba, kusafisha na kusoma vitabu. Mchana pia ndio wa watoto kuruka kamba sebuleni, kwa sababu mwili uliochezeshwa hukaa na joto muda mrefu. Wapeni watoto wakubwa kazi halisi: mmoja awe mtunza maji, aandike lita zilizobaki, mwingine asome kipimajoto cha chumba kila saa na kuchora mstari wake kwenye karatasi. Mtoto wa miaka tisa anayechora mstari wa joto wa nyumba yake hachoki upesi.

Mabomba yanataka macho. Koki zilizo kwenye ukuta wa nje ziache zitiririke uzi mwembamba, ya moto na ya baridi, na kabati za chini ya sinki ziwe wazi ili hewa ya chumba iingie. Bomba likiganda, anza kulipasha upande wa koki ukirudi nyuma, kwa taulo zilizochovywa maji ya moto, koki ikiwa wazi. Ukianzia katikati, maji yaliyoyeyuka hayana pa kutokea na bomba linapasuka. Usitumie moto. Kila mtu mzima ajue ilipo valvu kuu ya kufunga maji.

Chakula: friji iliyofungwa hushika ubaridi saa 4 hivi, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ni kila kufungua mlango kunakoharibu hesabu hiyo, basi amueni mnachotoa kabla ya kufungua. Jazeni chupa maji, ziachwe nafasi kidogo juu kwa sababu barafu hutanuka, zigande nje usiku, asubuhi ziingie kwenye friji. Msiweke nyama yenyewe nje. Jua la mchana huipasha na wanyama huifikia. Mkiwa na jiko la kambini, wali unaokoa gesi: uchemke dakika 5 huko nje, sufuria ifunikwe vizuri, ifungwe kwenye mablanketi mawili kwa saa nzima. Maji yapungue kidogo kuliko kawaida, maana hakuna mvuke unaotoka.

Jioni ndiyo saa ya michezo, na mchezo unaostahili usiku wa namna hii ni bao. Huhitaji ubao wa kuchongwa kutoka Zanzibar. Trei ya mayai ya dukani huku ina mashimo 12, mawili kwa sita. Bao linataka mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Chukua trei tatu, kata vifuniko. Trei mbili ziache nzima. Ya tatu ikate vipande vya mashimo manne manne, utapata vitatu. Unga kimoja mwishoni mwa kila trei nzima kwa gundi ya karatasi kutokea chini, sasa kila upande una mashimo mawili kwa manane. Ziunganishe pande hizo mbili zikiangaliana. Kipande cha tatu wekeni kete za akiba. Shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ni nyumba. Litie alama ya kalamu. Wengi hukosea hapa: kila mchezaji huhesabu kutoka kushoto kwake mwenyewe, kwa hiyo nyumba mbili hazitazamani.

Kete ni 64. Maharage mekundu ya wastani yanafaa sana. Dengu hazishikiki kwa vidole vilivyopoa, na maharage makubwa hujaza shimo upesi kete zikianza kulundikana. Mtoto mdogo asiachwe karibu nazo, atazitia puani. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huweka kete 6 nyumbani, 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayofuata kulia, na 22 zinabaki mkononi. Kila zamu unaingiza kete moja katika shimo la mbele lenye kete. Shimo la mpinzani linalolitazama likiwa na kete, unazila, unaanza kuzitawanya kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Ikiangukia shimo lenye kete, unaendelea. Asiye na kete safu ya mbele ameshindwa. Kwa wanaoanza kuna bao la kujifunza: kete 2 kila shimo, hakuna za mkononi. Mchezo mmoja wa wazee wawili wenye hesabu unaweza kula jioni nzima, na watazamaji wakabishana nao. Drafti pia ni nzuri: vizibo 24 vya soda, nusu vikae chali nusu kifudifudi, na kipande cha boksi kilichochorwa vyumba 64.

Taa isiwe mshumaa mkononi mwa mtoto. Tochi moja ya LED ikisimamishwa ikielekea dari nyeupe huangaza chumba chote. Au ielekeze kwenye galoni ya maziwa iliyojazwa maji, itatoa mwanga laini wa kuchezea bao bila kuumiza macho.

Vikishakusanywa vibao, ni vitendawili. Kitendawili! Tega! Popoo mbili zavuka mto. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, na hapo ndipo pana utamu kwa watoto waliozaliwa huku. Wekeni sharti kwamba anayetoa mji ataje mahali pa kweli, Uvira, Kigoma, Bujumbura, Lamu, na mtegaji kabla hajatoa jibu aseme jambo moja la pale: ziwa gani, samaki gani, soko gani. Akikwama, mzee wa nyumba anamsaidia, na maelezo ya mji mmoja huzaa hadithi ya nusu saa. Jibu la kile cha juu ni macho.

Jambo moja watu hawaelezwi. Usiku wa barafu una milio. Matawi yaliyolemewa hukatika kwa mshindo mkali, mmoja, kimya, kisha mwingine, sawasawa na risasi. Nyaya zikigusana mbali huko, anga humulika buluu na kijani. Kwa mtu aliyekimbia vita Kivu, mlio huo gizani si jambo dogo. Mwambieni mapema, mchana, mkimwonyesha dirishani mti ulioinama. Usiku asiachwe peke yake chumbani. Mzee akianza kutetemeka bila kukoma, ulimi ukawa mzito, akaangusha vitu au akasinzia ovyo, mpimeni; joto la mwili likiwa chini ya nyuzi 35 ni hali ya kupiga 911. Nyumba isipokalika tena, namba 211 huelekeza kwenye vituo vya kujipasha joto. Mkitoka, hatua fupi, nyayo bapa, mikono nje ya mifuko, na waya ulioanguka uwe mbali nanyi mita 10, hata kama unaonekana umekufa.

Kabla ya yote hayo kuisha, hakikisheni vitufe vya jiko la umeme vimezimwa, televisheni na kompyuta zimechomolewa, taa moja tu imeachwa iwake ili iwajulishe. Umeme ukirudi, subirini dakika chache kabla ya kuwasha vikubwa. Halafu fungueni friza mwangalie kikombe. Sarafu ikiwa bado juu, vyakula havikuyeyuka. Ikiwa imezama hadi chini, friza iliyeyuka yote na pengine ikaganda upya: nyama, samaki na maziwa vitupwe, hata kama vinanukia vizuri.